TUSIZARAU KOMERSIALE



Katika masomo yetu kuko neno moja lenye linarudi kila mwezi wa tisa, wakati wa kuchagua seksio. Wanasemaka ya kama mwenye akili aende Biokimia ao Matematika, mwenye uvumilivu aende Pedagojia, na wenye kubaki waende Komersiale. Tumesikia hata mzazi akisema mbele ya mtoto wake: «Huyu, hata Komersiale inamutosha.» Sisi wafinalisti wa Komersiale tumebeba neno lile miaka mine. Leo tunataka kulijibu. Hatulijibu kwa hasira, lakini kwa sababu tunaona hasara yenye linaleta kwa masomo, kwa mji wetu wa Butembo, na hata kwa kanisa.

Kwanza tuseme seksio hii inafundisha nini, kwa maana wengi wanaicheka bila kuijua. Tunajifunza kontabilite, hesabu ya riba, sheria ya biashara, kodi za Serikali, barua za biashara kwa Kifaransa na Kiingereza, mashini ya kuandika, na ordinateri siku zenye umeme uko. Kontabilite si kujumulisha namba tu. Katika mwaka wa 1494, kule Venezia, mtawa mmoja jina lake Luca Pacioli alichapisha kitabu chenye kueleza namna wafanyabiashara wa mji ule walivyoandika hesabu zao: kila kitu kinaandikwa mara mbili, pahali kilipotoka na pahali kilipoingia. Ndiyo debi na kredi yetu ya leo. Na Luca Pacioli alikuwa mwalimu wa matematika. Wenzetu wa Matematika wakumbuke hii kabla ya kucheka.

Tena elimu hii haikomi kwa mipaka ya mji. Nchi yetu iliingia katika OHADA mwaka wa 2012, na leo tuko pamoja na nchi nyingine 16 za Afrika zenye kufuata sheria moja za biashara. Tangu tarehe 1 mwezi wa kwanza 2018 tunafuata kontabilite yao iliyotengenezwa upya, yenye kuitwa SYSCOHADA. Maana yake ni hii: konti 57 ni kese, konti 52 ni banki, konti 41 ni wateja, hapa Butembo sawa na kule Douala, Abidjan ao Cotonou. Karani wa kule akifungua buku yetu atasoma na kuelewa. Ni seksio ngapi zinaweza kusema vile?

Sasa tuje kwa neno lenye kuumiza. Wengine wanatuambia: «Biro ziko wapi? Kila nyumba iko na mutu wa diplome anaikaa bure.» Ni kweli, hatuwezi kukataa. Biro za Serikali zimejaa, na karani mwenye kuingia kule miezi mingi anangojea mshahara. Mwenye kuchagua Komersiale juu ya kuvaa shati nyeupe na kukaa kwa kiti chenye kuzunguka, afazali abadilishe mawazo mapema. Lakini tuuangalie mji wetu. Butembo inaishi kwa biashara. Kahawa na kakao vinapita hapa. Nguo, dawa, mabati na vyuma vya moto vinatoka mbali, vinapita Mombasa na Kasindi, vinafika kwa magazini zetu. Kila mzigo uko na faktire, dwane, usafiri, deni na mteja. Nani anaandika? Mara nyingi hakuna mtu. Patroni anaweka yote ndani ya kichwa chake, na siku anapokufa, watoto na ndugu wanapigana kwa sababu hakuna mwenye kujua ni nani alikuwa na deni la nani. Kazi iko. Yenye kukosa ni watu wa kuifanya vizuri, na wapatroni wenye kukubali kuonyesha hesabu.

Tutoe mfano mdogo wa soko. Tuseme mama mmoja ananunua mfuko wa maharagi kwa franga 150.000. Analipa mwenye kubeba 5.000, na kodi ya soko 1.000. Anauzisha mfuko wote kwa bei ya jumla 170.000. Anafurahi, anasema: «Nimepata 20.000.» Hapana, mama, faida ni 14.000. Na kama nyumbani walikula maharagi ya 8.000 kwa mfuko uleule, ndani ya kese itaingia 162.000 tu, na baada ya gharama zote ataona 6.000. Atawaza ya kama wezi wamepita. Hakuna mwizi. Ile 8.000 ni mali yake mwenyewe yenye alitwaa, lakini kwa sababu haikuandikwa, inaonekana kama imepotea.

Tuongeze dola, kwa sababu hapa kwetu feza mbili zinatembea pamoja. Mama yule akikopa dola 50 wakati dola moja ni franga 2.000, anapokea 100.000. Akilipa wakati dola imefika 2.800, anapashwa kutafuta 140.000, hata mbele ya kuhesabu riba. Franga 40.000 zimekwenda, na yeye hajui zilipita mlango gani. Mwanafunzi wa mwaka wa pili wa Komersiale anaweza kumwonyesha kwa kaye ya kurasa 48. Waswahili wamesema tangu zamani: mali bila daftari hupotea bila habari.

Na nchi yetu yote ilifundishwa somo hili kwa uchungu. Tarehe 30 mwezi wa 11, 1973, Rais Mobutu alitangaza ya kama magazini na mashamba ya wageni yatapewa wenyeji. Wazee wetu wanakumbuka yenye ilifuata. Wengi kati ya waliopewa waliuzisha vitu vilivyokuwa ndani, wakala feza ya kuuzisha, wakasahau kwamba kwa ile feza walipashwa kununua vitu vingine. Waliona kese, wakaiita faida. Magazini zikabaki na meza wazi, na kufika mwaka wa 1976 Serikali ilianza kuwarudishia wageni mali nyingi. Haikukosekana nguvu wala akili. Ilikosekana desturi ya kutenga mfuko wa mtu na mfuko wa kazi. Hii desturi ndiyo Komersiale inafundisha, na ni neno la kwanza kabisa katika mwaka wa kwanza.

Ndugu wapenzi, sasa tunapashwa kusema pia juu ya mambo yenye hayaendi vizuri, kwa maana kusifu peke yake haitajenga kitu.

Jambo la kwanza ni staji. Wafinalisti wanatumwa kwa mabiro na magazini ili wajifunze kazi yenyewe. Lakini wengi wetu tulijifunza kununua mikate, kuchota maji, na kufagia mbele ya mlango. Sisi hatukatai kufagia. Hapa kwa masomo tunafagia kila asubuhi. Lakini mtu akimaliza staji bila kugusa buku ya kese hata siku moja, tuseme amefanya staji ya nini?

Tena kuko neno zito kuliko lile. Mwenzetu mmoja, pahali tusipotaja, aliwekewa mbele faktire tupu na akaambiwa aandike bei ndogo kuliko bei ya kweli, ili kodi ipunguke. Buku ya kweli ilikuwa ndani ya kabati, na ile nyingine juu ya meza kwa watu wa Serikali. Mwenzetu alikataa kwa heshima, akisema hakufundishwa vile. Mwisho wa staji alipewa pointi kidogo sana, na kwa karatasi wakaandika: «Hasikii mukubwa.» Sisi tunauliza: mtoto wa miaka 18 afanye nini pale? Masomo inamwambia aandike kweli, na masomo ileile inapokea pointi kutoka kwa mtu mwenye kumwambia aandike uongo. Kama tunanyamaza, tunafundisha kontabilite asubuhi na wizi saa nane.

Tunajua wafanyabiashara nao wako na malalamiko. Kodi ni nyingi, na wenye kuzidai ni wengi kuliko kodi zenyewe. Mara nyingi wanalipa bila kupewa karatasi. Hii ni kweli na ni uchungu. Lakini dawa yake si buku mbili. Mwenye kuwa na buku moja ya kweli, na kila karatasi ya malipo imefungwa pamoja, anaweza kusimama mbele ya mtu wa kodi na kumwambia: «Hii nililipa, tarehe ni ile.» Mwenye buku mbili hawezi kubishana na mtu, yeye anaogopa hata karani wake.

Jambo la pili ni kwa dada zetu. Wanapochagua Komersiale, watu wanasema wanakwenda kuwa sekretere, na wanaposema sekretere wanaona mtu wa kupokea wageni na kuleta chai. Katika darasa letu wasichana wanashika kontabilite sawa na wavulana, na kwa mashini ya kuandika wanatupita. Sekretere ni mtu mwenye kulinda siri za kazi, mwenye kujua barua gani imeingia, gani imejibiwa, na gani inalala. Akitoka kazini wiki moja, biro yote inapotea njia. Wapatroni wamheshimu, na wavulana wa masomo haya waanze leo.

Na kama sisi ni masomo ya kanisa, tuangalie Maandiko. Katika Luka 16 bwana anamwita wakili wake na kumwomba hesabu ya uwakili. Katika Matendo 6, kulipokuwa manunguniko juu ya wajane, mitume waliwaambia wanafunzi wachague watu saba wenye ushuhuda mwema ili wasimamie kazi ya kugawanya. Na Paulo, katika barua ya pili kwa Wakorinto, mlango wa 8, hakutaka kubeba sadaka kubwa peke yake. Alituma watu pamoja, ili mambo yaonekane safi mbele ya Bwana na mbele ya watu pia. Paulo alikuwa mtume, lakini hakusema: «Muniamini tu.» Basi kwa nini sisi tunaona ya kama kuuliza hesabu ni kumtukana mtu?

Kwa hiyo tunatoa mashauri mane kwa Bwana Prefe, kwa walimu na kwa wazazi.

Kwanza, kila mfinalisti wa Komersiale achague mama mmoja wa soko, fundi mmoja, ao butiki moja ndogo, na amwandikie buku ya kese miezi mitatu bila malipo, kama mwenyewe anakubali. Hata sheria ya OHADA imeweka namna nyepesi ya hesabu kwa biashara ndogo. Haiombi mambo makubwa. Siri ya mwenye mali ilindwe.

Pili, pointi za staji zisitoke kwa patroni peke yake. Mwalimu apite hata mara mbili, na aangalie kaye ya staji yenye mwanafunzi anaandika kila siku. Na mwanafunzi mwenye kukataa kuandika uongo asianguke kwa sababu ile.

Tatu, mashini za kuandika zenye zimekufa zitengenezwe, na saa za ordinateri zigawanywe kwa zamu, ili mwaka wa kwanza nao waguse. Vidole havijifunzi kwa ubao.

Ine, na hapa tunajifunga sisi wenyewe: halmashauri ya wanafunzi inakusanya michango ya ugonjwa, ya kilio, ya michezo, na ya karatasi hii. Tangu mwezi ujao, hesabu yake itabandikwa kwa ukuta karibu na mlango wa kapela, yenye kuingia upande mmoja na yenye kutoka upande mwingine, na sahihi tatu chini: ya kapita, ya mshika-feza, na ya mwanafunzi mmoja wa seksio nyingine. Mwenye kuona kosa aseme waziwazi, hata kama ni wa mwaka wa kwanza. Hatuwezi kuomba wakubwa kufungua mabuku yao na sisi tunafunika yetu.

Ninyi wadogo wetu mtakaochagua seksio mwaka ujao, musikuje Komersiale kwa sababu pointi zilikosekana kwingine. Mukuje kama munapenda mambo yaandikwe vile yalivyo. Ni kazi ya kuchosha macho na wakati mwingine ya kuleta maadui. Lakini siku mama wa maharagi atafungua kaye yake na kuona mwenyewe, kwa macho yake, kwamba 8.000 yake haikuibiwa, mutajua ya kama miaka yenu mine haikuwa bure.

Mungu awabariki, na wafinalisti wa seksio zote tukutane salama kwa Examen d'État.

Kapita wa wanafunzi, kwa jina la wafinalisti wa Komersiale