USITUPE MBACHAO: PIKIPIKI ZA WAZEE SI CHUMA CHAKAVU

Safari hii sitaandika juu ya nidhamu wala usafi wa mazingira, mambo ambayo kila mwaka hujaza kurasa hizi. Nataka tuzungumze juu ya pikipiki kuukuu. Najua mmeshaanza kucheka. Chekeni, lakini msifunge ukurasa.

Nyumbani kwetu Ruiru, kando ya banda la ng'ombe, iko Yamaha DT ya guka. Guka alikuwa afisa wa kilimo nyanjani, mtu wa kahawa. Mbegu ya Ruiru 11 ilipotolewa mwaka wa 1985 na kituo cha utafiti kilichoko papa hapa kwetu, wakulima hawakusoma habari zake kwenye simu. Ilibidi mtu awafuate mashambani, kwenye tope la Aprili, awaeleze juu ya mkahawa usioshindwa upesi na ugonjwa wa matunda wala kutu ya majani. Mtu huyo alikuwa guka, na miguu yake ilikuwa hiyo DT.

Sasa ami yangu anasema iuzwe. Si kwa mtu wa kuiendesha, la hasha! Kwa mwenye mizani. Ina uzito wa karibu kilo 100, basi pigeni hesabu wenyewe. Wazee wataamua shule zikifungwa. Mimi sina kura katika kikao hicho, lakini kalamu ninayo.

Ami husema, na wengi wenu mtamuunga mkono, ati spea zimekwisha duniani. Kwa kweli ukiingia madukani hapa Ruiru utamwamini. Tangu mwaka wa 2008, serikali ilipoondoa kodi ya VAT kwa pikipiki ndogo zisizofika sisi 250, barabara zetu zimejaa bodaboda za kutoka India na Uchina, na madukani ni Boxer na TVS, TVS na Boxer. Ukiitisha ringi za DT muuzaji anakutazama kama umeitisha kwato za kifaru. Nilienda hadi Nairobi, Kirinyaga Road, ambako wazee bado hukuita Grogan. Huko nilipata pistoni moja tu, na haikuwa ya saizi yetu.

Aliyenifungua macho ni fundi mmoja mzee wa Makongeni, Thika. Nilimwamkia, nikamweleza shida yangu. Akafuta mikono kwa kitambaa, akasema, "Kijana, usidanganyike. Spea za hizi pikipiki hazitoki Japani siku hizi. Zinatoka kwa ndugu zake waliokufa."

Maneno hayo ndiyo kiini cha makala haya. Pikipiki moja ikifa injini, bado ina kabureta, magurudumu, taa, tangi, gia na swichi za kuponya nyingine tatu. Pikipiki iliyokufa ni ghala. Sisi twalichukua ghala zima, twalipeleka kwenye mizani, linayeyushwa liwe nondo, kisha twageuka na kulalamika ati spea hakuna. Jamani, nani aliyezimaliza?

Mnisikilize vizuri. Sisemi kila kitu lazima kitoke kwa pikipiki nyingine. Mengi hutengenezwa papa hapa na jua kali. Thika huitwa Birmingham ya Kenya kwa sababu ya viwanda vyake, na palipo na viwanda hapakosi mtu wa kukereza chuma. Bushi ya uma wa nyuma ikilika, fundi wa leithi huichonga nyingine ukingoja. Gaskiti hukatwa kwa karatasi maalum na nyundo ndogo. Waya wa klachi huungwa upya. Hata silinda iliyolika huchongwa ndani ikapanuka kidogo, ikavaa pistoni ya saizi ya juu. Saizi hizo hupanda kwa robo milimita: 0.25, 0.50, 0.75 hadi 1.00. Ya guka imeshafika 0.50, kwa hiyo bado ina maisha mawili.

Tena kuna beringi. Hapa ndipo nilipogundua kwamba somo la hesabu lina faida nje ya mtihani. Beringi huwa na nambari ubavuni. Ikiandikwa 6203, tundu lake ni milimita 17 na mzunguko wa nje una kipenyo cha milimita 40, iwe imetengenezwa Japani, Ujerumani au kwingineko. Basi beringi ya gurudumu huhitaji duka la pikipiki hata kidogo. Soma nambari, nenda duka lolote la beringi, ununue ile ile inayovaliwa na mota za mashine za kiwandani.

Wenye Honda CG 125 ndio wenye bahati kuliko wote. Ilianza kuuzwa mwaka wa 1976, na Wachina wakaiga injini yake wakatengeneza bodaboda chungu nzima. Kwa hiyo mwenye CG ya zamani leo anaweza kuingia duka la bodaboda akatoka na klachi au vali inayomwingia. Kumbe mjukuu humlisha babu!

Lakini pistoni, ringi na gia za DT, hizo hakuna jua kali wa kuzichonga zikadumu. Na balbu za volti 6 za pikipiki za kale zaidi, siku hizi kila kitu kikiwa volti 12, ni kama kutafuta sindano shambani. Hivyo ndivyo hupatikana kwenye zile maiti tunazozipeleka kwenye mizani.

Kuna Sheria ya Chuma Chakavu ya mwaka wa 2015, inayomtaka mfanyabiashara awe na leseni. Tena Januari 2022 biashara hiyo ilipigwa marufuku kwa sababu ya wanaobomoa miundo ya umeme, ikafunguliwa tena Mei mwaka huo huo. Vyema. Lakini sheria huuliza kama chuma kimeibwa. Haiulizi kama kingali kinaweza kupona. Swali hilo ni letu sisi wenye nyumba. Maoni yangu ni kwamba pikipiki isifike kwenye mizani kabla haijapita kwa fundi, akatoa kinachofaa, akalipia. Mwenye mali hatapata hasara, kwa maana kabureta moja nzima ina thamani kuliko uzito wake wa chuma.

Mwenzangu mmoja wa Kidato cha Tatu alinipinga vikali tulipojadiliana. Alisema DT hutoa moshi, kwa kuwa injini yake huchoma oili pamoja na petroli. Hapo ana ukweli, sitabisha. Ila moshi ule mzito mara nyingi ni wa fundi mvivu: pampu ya oili imeharibika, akaing'oa, akawa anamimina oili kwenye tangi kwa kukadiria na macho. Pampu ikitengenezwa, moshi hupungua sana. Na hata hivyo sitaki guka aiendeshe kila siku. Nataka iwake.

Aliniambia pia kwamba mambo ya magari ya kale ni ya matajiri wa Nairobi, wale wa mashindano ya Concours d'Elegance kule uwanja wa farasi wa Ngong Road. Huko pikipiki nazo hushindanishwa, na sioni kwa nini moja isitoke Ruiru. BSA ya Mwingereza ikitunzwa tunaisifu. DT iliyofikisha habari za kahawa kwa akina mama wa Gatundu tunaiita takataka!

Basi kabla kikao cha wazee hakijakaa, nina ombi. Nahitaji pistoni ya DT 175 ya saizi ya 0.75 pamoja na ringi zake, na pampu ya oili hata ikiwa mbovu, kwa maana yule fundi wa Makongeni amesema kutoka kwa mbili mbovu atatoa moja nzima. Ikiwa kwenu kuna DT imelala nyuma ya nyumba, au mwalimu yeyote anamjua mwenye nayo, nipo Kidato cha Tatu, dawati la mwisho karibu na dirisha. Pesa nimeanza kuweka.