Kupiga Mbizi Si Anasa Tu



Katika toleo lililopita ilichapwa barua ya mmoja wa wanafunzi wa zamani wa shule yetu, ambaye sasa ni mpishi katika meli huko visiwa vya Maldives. Meli hiyo haichukui mizigo wala abiria wa kwenda mahali. Huchukua wageni wanaopenda kupiga mbizi. Hukaa melini siku saba, hula na kulala humo humo. Huamshwa kabla jua halijachomoza, wakanywa chai, wakaelezwa habari za mahali watakapozama, kisha wakaingia majini na mitungi ya hewa mgongoni. Wakirudi hula, hupumzika, huzama tena, hata mara tatu au nne kwa siku, na pengine usiku kwa tochi. Huko chini hutazama matumbawe, na papa, na taa wakubwa kuliko mlango wa bweni letu. Lakini siku ya mwisho, alisema mwandishi, hakuna anayeruhusiwa kuzama.

Tuliisoma barua hiyo bwenini kwa kicheko. Mwenzetu mmoja alisema, "Watu hawa wamekosa kazi. Watoe fedha zote hizo kutazama samaki, na kumbe hata kumla hawamli!" Wote walicheka, nami nilicheka pamoja nao. Tangu wakati huo nimebadili mawazo, nami naomba nafasi kidogo katika gazeti letu nieleze sababu yake.

Katika likizo kubwa nilikwenda kukaa kwa mjomba wangu, ambaye ni mvuvi karibu na Rumonge. Siku ya pili niliingia ziwani mpaka kifuani, nikateleza juu ya jiwe, nikameza maji. Aliyenishika mkono akanivuta ufukoni alikuwa mtoto wa jirani, hajapata miaka kumi. Mimi nina miaka 19, nami ni mwanafunzi wa darasa la juu. Aibu niliyoiona siku ile haielezeki.

Pale ufukoni nilifanya urafiki na kijana wa rika langu. Kazi yake ni kukamata samaki wadogo wa mapambo, wale wanaopelekwa Ulaya wakiwa hai na kuwekwa katika masanduku ya kioo nyumbani kwa watu. Yeye hana mtungi. Hushika mdomoni mpira mrefu unaoleta hewa kutoka kwa mashine iliyo mtumbwini, akashuka meta 20 hivi na wavu wake, akakaa huko muda mrefu. Aliniambia kwamba jioni magoti na mabega humwuma sana. "Ni baridi ya maji tu, ndugu yangu," alisema. Akaongeza kwamba siku moja, baada ya kazi, alipanda basi jioni ile ile kwenda kwa dada yake Gitega. Walipofika Bugarama maumivu yalizidi hata akashindwa kuinua mkono. Alidhani ni ile baridi ya Bugarama ambayo sisi sote twaijua.

Niliporudi shuleni nilimweleza mwalimu wetu wa fizikia. Alichukua chaki, akaandika ubaoni kanuni ya Boyle, ile ya mwaka 1662 ambayo tuliikariri kwa ajili ya mtihani tu. Mzigo wa maji huongezeka kwa kila meta 10 tunazoshuka, kama kwamba tumeongezewa hewa nyingine nzima ya dunia juu yetu. Katika kina cha meta 20 tunabanwa karibu mara tatu kuliko juu. Kwa hiyo pumzi moja iliyovutwa huko chini hupanuka mara tatu mtu akipanda; akiizuia kifuani, mapafu yaweza kupasuka. Tena hewa iliyobanwa huingiza naitrojeni nyingi katika damu na viungo. Mtu akipanda polepole hutoka kwa pumzi bila madhara. Akipanda upesi hufanya mapovu mwilini, kama chupa ya Fanta inavyotoa povu tunapoifungua kwa haraka. Mapovu hayo huuma katika viungo, na pengine hupoozesha mtu au kumwua.

Ndipo nilipoelewa kwa nini wageni wale hawazami siku ya mwisho. Wanangojea mwili utoe naitrojeni kabla ya kupanda ndege, kwa sababu huko juu hewa ni nyepesi na mapovu hukua. Basi tazameni: Ziwa Tanganyika liko meta 770 hivi juu ya bahari, na barabara ya Bugarama hupita zaidi ya meta 2,000. Kwa mtu aliyetoka kuzama, basi la kwenda Gitega ni kama ndege! Mimi si daktari, wala sikumpima rafiki yangu. Lakini sidhani kwamba ilikuwa baridi tu.

Hili ndilo linalonisumbua. Mgeni anayezama kwa starehe hufundishwa kwanza, hutahiniwa, hupewa saa na kipimo cha kina, na kiongozi wa kumwangalia. Kijana wetu anayezama kwa riziki hapewi hata neno moja. Maji hayambagui mtu: humbana mgeni na mwenyeji sawasawa. Kilichowatenga ni elimu, na elimu yenyewe imeandikwa katika madaftari yetu.

Najua wengine watasema, "Sisi ni watu wa milimani. Maji ya Mutoyi huingia Ruvubu, na Ruvubu huenda mpaka Nile. Ziwa hilo latuhusu nini?" Ni kweli kwamba hakuna tone la mvua yetu linaloingia Tanganyika. Lakini ndagala tunazokula zatoka wapi? Na je, nchi yetu haikupewa kipande cha ziwa la pili kwa kina duniani, lenye meta 1,470, na samaki wa aina nyingi wasiopatikana mahali pengine po pote?

Mbelgiji mmoja, Pierre Brichard, alikaa Bujumbura, akawazamia samaki hao na kuwauza ng'ambo. Mwaka 1978 akatoa kitabu kikubwa juu yao. Mmoja wao alipewa jina lake mwaka 1974, na wafugaji wa samaki huko ng'ambo humwita Binti Mfalme wa Burundi. Simlaumu Bwana huyo; alikwenda kutazama, basi akastahili kusema alichokiona. Lakini ni ajabu kwamba Binti Mfalme wetu anajulikana katika nyumba za watu wa Ulaya, na sisi hatujapata kumwona hata mara moja. Wahenga walisema, maji usiyoyafika hujui wingi wake.

Wengine watasema ni hatari, kuna mamba na viboko. Ndiyo, na kichocho pia. Hiyo ni sababu ya kujifunza mahali gani pafaa na pasipofaa, wala si sababu ya kuwaacha wenzetu wazame gizani.

Siombi shule itununulie meli wala mitungi. Naomba mambo matatu madogo. Kwanza, kila mwanafunzi ajifunze kuogelea kabla hajamaliza masomo, hata kama ni wakati wa safari za ziwani tu. Pili, kanuni za kuzama, yaani usizuie pumzi, panda polepole, usipande milima siku ile ile, ziandikwe kwa Kirundi na Kiswahili katika karatasi moja, tuwapelekee vijana wa ufukoni. Tatu, nawaomba ninyi mliosoma hapa zamani, na hasa mlio madaktari au wenye kazi ziwani, mtusaidie kuisahihisha karatasi hiyo tusije tukakosea.

Na wewe kaka yetu mpishi wa Maldives, utusamehe kicheko chetu. Tafadhali uwaulize waalimu wa meli yenu ni mambo gani huwafundisha wageni siku ya kwanza, utuandikie. Hapa Rumonge kuna mtu anayeyahitaji kuliko wao.