Ligi ya Jumapili na pikipiki za betri: mama, tuongee mapema

Wiki hii niliahidi kuandika kuhusu chakula cha mtoto wa miezi sita. Naomba kisubiri kidogo. Kuna mama mmoja wa huku Hanang kanitumia meseji ndefu. Kijana wake wa miaka ishirini anaendesha boda ya mkataba. Jumapili jioni anakutana na wenzake kwenye lami, wanaweka ligi. Sasa hivi wameanza kuoneshana video za pikipiki za umeme zinazoshindana huko nje, na kijana anamwambia, "Mama, zile hazina moshi, hazina kelele, ni salama. Zikifika kwetu tunaandaa mashindano yetu ya wikiendi." Mama anauliza: sista, ni kweli ni salama?

Jibu langu ni refu, ndiyo maana nimeligawa vipande vipande. Ila msimamo wangu nauweka mapema ili asiyetaka kusoma yote aondoke nao: mashindano siyapingi. Ninachopinga ni kuyafanyia barabarani.

Najua wengine mtashangaa. Nesi anatakiwa aseme "acheni kabisa". Nimesema hivyo miaka na miaka, na nimeona vijana wanavyonijibu "sawa sista" huku wanatafuta ufunguo mfukoni. Kijana wa miaka ishirini ana mwili unaotaka mbio. Zamani walikimbiza ng'ombe na punda, leo wana pikipiki ya sisi-sisi 150. Ukimwambia acha bila kumpa pa kwenda, anahamia tu kipande kingine cha lami ambako hujui kama yuko.

Na huku kwetu vipande vipo. Barabara ya Babati kwenda Singida ikikaribia Katesh inanyooka, mlima Hanang uko pembeni, upepo unakupiga usoni, unajiona uko mwenyewe duniani. Kumbe hauko mwenyewe. Kuna mama anavuka na ndoo. Kuna mtoto anafuata mbuzi aliyevuka. Kuna lori la vitunguu halina taa ya nyuma. Upande wa Mbulu ndiyo milima na kona, na ukungu wa asubuhi unaokufanya usione hata mkono wako.

Wanaofanya kazi za majeruhi wanaijua Jumapili usiku. Siandiki ya mgonjwa yeyote hapa, naandika kinachokuja kila mara. Kinakuja kichwa, kinakuja paja, kinakuja mguu wa chini ambao mfupa umetokeza nje na una mchanga. Mfupa wa paja ukivunjika, mtu anaweza kumwaga damu zaidi ya lita moja ndani kwa ndani, na nje usione hata tone. Mwili mzima wa mtu mzima una kama lita tano tu. Kwa hiyo yule anayekaa pembeni ya barabara anasema "niko poa, mguu tu", huku midomo inapauka, huyo hayuko poa.

Halafu ya baada ya hapo, ambayo kwenye video hayaoneshwi. Hogo miezi kadhaa, au vyuma. Rufaa, na nauli ya mtu wa kumsindikiza. Boda imekaa uani imepinda, lakini hesabu ya mwenye boda inaendelea kudaiwa. Mke ana mtoto mchanga na sasa ana watoto wawili wa kulisha na kusafisha, mmoja ana ndevu. Hapo ndipo mimi nakutana na ninyi wasomaji wangu. Anayelipa ligi ya Jumapili mara nyingi hakuwepo kwenye ligi.

Shirika la Afya Duniani linasema kwa watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29, ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kuua. Zinaongoza kuliko malaria, kuliko UKIMWI. Kila mwaka watu kama milioni 1.19 duniani.

(Kipande cha pili)

Sasa tuje kwenye pikipiki za umeme zenyewe, maana naona wengi bado tunazichukulia kama habari za Ulaya. Hapana. Kigali wanazo za abiria tangu 2019, dereva anaingia kituoni, anaacha betri iliyoisha, anachukua iliyojaa, anaondoka. Kuanzia Januari 2025 serikali ya Rwanda ilisimamisha kusajili pikipiki mpya za petroli za kubeba abiria pale Kigali. Nairobi zimejaa. Dar zipo pikipiki na bajaji za betri. Huku milimani zitafika, kama simu za kupapasa zilivyofika tukidhani ni za mjini tu. Na kiuchumi nazipenda: dereva anaokoa hela ya mafuta, na mtoto mwenye kifua hapumui moshi stendi.

Lakini "haina moshi" na "ni salama" ni mambo mawili tofauti. Hebu niwasimulie.

Marekani kuna watu wa kawaida, mafundi wa gereji na watu wenye kazi zao, ambao miaka mingi wamekuwa wakitengeneza magari na pikipiki za umeme nyumbani na kuzipeleka wikiendi kwenye viwanja vya mbio fupi. Mmoja anaitwa Bill Dubé, wa Colorado. Yeye na wenzake walitengeneza pikipiki wakaiita KillaCycle, ambayo ilikimbia robo maili, yaani kama mita 400, chini ya sekunde 8. Uwanjani, na mpanda pikipiki aliyezoea kazi hiyo, mambo yalikwenda. Septemba 2007 wakaipeleka Los Angeles kwenye maonesho. Dubé mwenyewe akataka kuwaonesha watu nje barabarani jinsi tairi linavyotoa moshi. Pikipiki ikashika ardhi, ikaruka naye, akaenda kugonga gari dogo la familia. Alipona. Lakini tazama: chombo kilekile, na safari hii kilikuwa na mtu aliyekijua kila waya. Kilichobadilika ni mahali, na mkono uliokuwa kwenye eksileta.

Kwa nini inaruka? Injini ya petroli inajenga nguvu taratibu, inabidi izunguke kwanza, na wewe unabadilisha gia. Mota ya umeme inatoa nguvu yake kubwa palepale unapozungusha mkono, haina gia ya kukusubiri. Kijana aliyezoea kunyonga eksileta ya boda hadi mwisho ndipo isogee, akifanya hivyohivyo kwenye ya umeme yenye nguvu, atajikuta chini kabla hajaelewa.

Isle of Man, kile kisiwa karibu na Uingereza chenye mbio maarufu za pikipiki, mwaka 2009 walifanya mashindano ya kwanza ya pikipiki za umeme pale. Zilikuja timu nyingi ndogo, hata za wanafunzi wa chuo. Mshindi alikwenda wastani wa kilomita 140 hivi kwa saa, mzunguko mmoja tu wa kilomita 60, betri ilikuwa haiwezi zaidi. Kufikia 2019 mshindi alikuwa karibu 196 kwa saa. Sasa msije mkaniambia "sista, mbona wale wanakimbizana barabarani?" Ndiyo, ni barabara za umma, zinafungwa kabisa, kuna madaktari na helikopta, na pamoja na hayo yote barabara ile imeshaua waendeshaji zaidi ya 250 tangu mbio zianze zaidi ya miaka mia iliyopita. Ukuta wa nyumba ya mtu haujali pikipiki yako inatumia nini.

(Kipande cha tatu, hiki ni cha wenye watoto wadogo, msikiruke)

Kelele ambayo kijana anaifurahia kutokuwepo ndiyo inayomlinda mwanao leo. Mtoto wa miaka minne hajui kukadiria mwendo wa pikipiki. Anachojua ni sauti. Anasikia "mmmmm" anasimama. Ya umeme inakuja na sauti ya tairi na upepo tu, na kwetu upepo upo siku zote. Ulaya waliliona hili kwa magari: tangu Julai 2021 kila gari jipya la umeme linalouzwa kule lazima litoe sauti likiwa kwenye mwendo mdogo, hadi kilomita 20 kwa saa. Pikipiki hazimo kwenye sheria hiyo.

Hatari ya pili iko uani kwako. Boda ya petroli ikiwa imewashwa, nyumba nzima inajua. Ya umeme ikiachwa na ufunguo "on" inanyamaza kama imelala. Mtoto anapanda, anazungusha kile anachoona baba anazungusha, inaondoka naye. Kwa hiyo sheria ya nyumba iwe moja: ukishuka, ufunguo unatoka na unakwenda juu asikofika mtoto. Hata kama unaingia ndani kuchukua chenji tu.

Ya tatu ni moto. Mwezi Machi 2019 kule Jerez, Hispania, kabla msimu wa kwanza wa mashindano ya dunia ya pikipiki za umeme haujaanza, usiku moto uliwaka kwenye hema la kuchajia ukateketeza pikipiki zote. Walilazimika kutengeneza nyingine na kuanza mashindano Julai. Hao ni wenye wataalamu. Sisi tuna chumba kimoja, godoro, pazia, na ekstensheni ya soketi sita ya kununua mnadani. Betri ya pikipiki usiichajie chumba mnacholala, wala mlangoni ambako ndiko mtatokea moto ukiwaka. Iliyoanguka, iliyovimba, iliyozama maji, usiichaji kabisa. Na asije fundi akakuambia "naifungua naongeza nguvu", hasa fundi anayejiandaa na mashindano.

Mtu akiungua: maji safi ya kawaida yanayotiririka, dakika 20. Vua pete na nguo ambazo hazijaganda, na mtoto mfunike sehemu nyingine asipate baridi, maana maji ya Mbulu mnayajua. Usipake samli, asali, yai, dawa ya meno wala majivu. Funika na kitambaa safi, njoo hospitali.

(Cha mwisho)

Sasa ninachotaka. Tunavyo viwanja vya wazi, vya mpira na vya mnada ambavyo siku isiyo ya mnada ni vumbi na mavi ya ng'ombe. Vijana wakitaka wikiendi ya mashindano, iwe ya petroli leo au ya betri kesho, wakae na mtendaji wa kata, afisa michezo wa wilaya na trafiki, waombe kibali. Mbio za magari nchini zina chama chake, AAT, na Arusha, Tanga na Iringa wana uzoefu wa miaka mingi wa rally, kuna watu wa kuwauliza. Njia izungushiwe kamba. Watazamaji wakae mbali na kona, upande wa ndani, maana pikipiki ikiteleza inakwenda nje ya kona. Watoto wasiwe karibu na kamba hata kama ni wa mshindi. Gari moja liwe tayari, lina mafuta, limegeuzwa kuelekea hospitali, na mtu anayejua huduma ya kwanza awepo.

Na kofia ngumu. Siyo ile ya mainjinia. Ile inayofunika kichwa chote na kufungwa kidevuni. Utafiti uliokusanywa kutoka nchi mbalimbali umeonesha inapunguza hatari ya kufa kwa asilimia 42 na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Huku kwetu nimeona vijana wanamsindikiza mwenzao makaburini, boda zaidi ya thelathini, honi, mishikaki ya watu watatu watatu, wengine wamesimama juu ya siti, na kofia ngumu zimening'inia kwenye vioo. Mwenzao yuko kwenye jeneza kwa sababu ya kichwa. Sina neno zuri la kuielezea ile.

Akianguka, msimnyanyue mikono na miguu kumpakia katikati ya wawili kwenye boda nyingine. Shingo inaweza kuwa imevunjika. Mlaze, mtu mmoja ashike kichwa kisicheze, panapotoka damu kandamiza kwa kitambaa bila kuachia, tafuteni gari. Kama kofia imembana na anapumua vizuri, iacheni. Msichelewe kwa sababu ya PF3, mleteni, fomu itafuata. Na aliyegonga kichwa akarudi nyumbani anacheka, umwangalie siku nzima na usiku: akitapika tena na tena, akilala kupita kawaida, akichanganya maneno, au maji yakimtoka sikioni au puani, usisubiri kukuche.

Mama uliyeniandikia, mwambie kijana wako nimesema ligi yake naikubali, na akipata kibali nitakuja na boksi langu la huduma ya kwanza nikae pale kwenye kamba bure. Mpaka hapo, mwambie atafute kofia.

Wa Katesh, Bassotu, Endasak, Dongobesh, Haydom na Mbulu mjini: andikeni hapa chini, kwenye kata yenu ni uwanja upi uko mbali na nyumba na unapitika na gari hata mvua ikinyesha? Nitayakusanya majina nimpelekee afisa michezo. Chakula cha miezi sita ni Alhamisi.