Mazoezi ya mgongo nayo yaandikiwe kipimo

Wanamichezo wengi wanaokuja kliniki hapa Kisii na Nyamira wakilalamikia kiuno huwa wameshapewa "dawa" mahali pengine. Dawa yenyewe ni karatasi ya fotokopi yenye picha za mtu anayejikunja na kujinyosha, na chini yake maneno matatu: fanya kila siku. Mkimbiaji wa mita 10,000, kipa wa timu ya mtaa na msichana wa voliboli, wote hupewa karatasi ile ile.

Kwa maoni yangu huko si kutibu. Daktari hawezi kuandika vidonge bila kutaja ni vingapi, mara ngapi na kwa muda gani. Iweje basi mazoezi, ambayo huweza kuponya na pia kudhuru, yagawanywe ovyo?

Eneo letu lina sababu ya kulijali jambo hili. Naftali Temu wa Nyamira ndiye aliyeipatia Kenya dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki, katika mita 10,000 huko Mexico City mwaka 1968. Yobes Ondieki wa Kisii alikuwa mtu wa kwanza duniani kukimbia umbali huo chini ya dakika 27, mjini Oslo, Julai 1993. Tangu Shabana irejee Ligi Kuu mwaka 2023, vijana wanaotamani kucheza Gusii Stadium wameongezeka, au hivyo ndivyo ninavyoona kliniki. Wengi wao hutegemea michezo iwalipie karo.

Kosa ninalokutana nalo zaidi ni la alfajiri. Kijana huamka saa kumi na moja, hulala chali, mwenzake humshika miguu, naye huinuka na kulala mara 100 au 200 kabla ya kukimbia. Anaamini anajenga tumbo. Lakini usiku, tunapolala, zile diski zilizo kati ya pingili za uti wa mgongo hufyonza maji na kuvimba kidogo. Saa ya kwanza baada ya kuamka ndipo zinapoumizwa kwa urahisi na kuinama. Kwa mwenye maumivu, kujikunja mara 200 wakati huo ni kukitonesha kidonda.

Tena misuli ya kiwiliwili, ile inayomzunguka mtu kama mshipi kutoka tumboni hadi mgongoni, kazi yake kubwa kwa mkimbiaji ni kuuzuia mgongo usiyumbe wakati miguu inafanya kazi. Inahitaji ustahimilivu kuliko nguvu za ghafla.

Lakini kabla ya zoezi lolote, mgonjwa apimwe. Kijana anayeumwa kiuno kila anapojipinda nyuma, hasa akisimama kwa mguu mmoja, huenda ana ufa mwembamba katika mfupa wa pingili. Eksirei ya mapema huweza isiuonyeshe. Huyo huhitaji kupumzishwa michezo, aghalabu kwa miezi kama 3, wala si karatasi. Maumivu yanayozidi usiku, homa na kukonda hutulazimu kufikiria kifua kikuu cha uti wa mgongo. Ganzi sehemu za makalio au kushindwa kuzuia mkojo ni jambo la kukimbizwa hospitali siku hiyo hiyo.

Asiye na dalili hizo naweza kumwanzishia mazoezi matatu yaliyoenezwa na Stuart McGill wa Kanada. La kwanza, alale chali, goti moja likunjwe, viganja viwe chini ya kiuno, kisha ainue kichwa na mabega kidogo tu. La pili, alale ubavu akiegemea kiwiko na kuinua nyonga. La tatu, apige magoti na mikono kama mtoto anayetambaa, anyoshe mkono mmoja na mguu wa upande wa pili.

Kila mara ashikilie kwa sekunde 8 hadi 10. Afanye mara 6, apumzike, mara 4, apumzike, kisha mara 2. Yasifanywe mara tu baada ya kuamka. Baada ya wiki 2 arudi nimtazame akiyafanya, kwani wengi huyabadilisha bila kujua. Maumivu yakianza kuteremka mguuni, aache na arudi mapema.

Sidai kwamba mazoezi haya yana miujiza. Tafiti nyingi zimeonyesha kwamba, kwa maumivu sugu ya kiuno, baada ya miezi mingi hayazidi sana mazoezi ya aina nyingine. Lililo muhimu ni mtu kuyafuata na kuongeza mzigo polepole. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2023 unapendekeza mazoezi kwa maumivu sugu ya kiuno, na haupendekezi ile mishipi ya kubana kiuno inayouzwa madukani.

Kuna swali ambalo fotokopi haiulizi kamwe: unabeba nini ukitoka mazoezini? Msichana anayekimbia asubuhi kisha akachuma majani chai na kupanda mlima na kikapu mgongoni hadi kituo cha kununulia, ameshafanya mazoezi ya mgongo ambayo hakuna aliyemwandikia. Kwake huwa naanza kwa kupunguza kikapu. Humwita mzazi, tukakubaliana nani atakibeba kwa wiki hizo, na ndipo ninapochukua kalamu kuandika zoezi.