Maktaba ya Wachungaji na Kabati la Mwalimu

Katika mafunzo ya ualimu maktaba huhesabiwa kuwa chumba. Katika mafunzo ya uchungaji huhesabiwa kuwa somo. Tofauti hiyo ndiyo tunayotaka kuijadili hapa. Twaamini kuwa ndiyo inayomfanya mwalimu wa shule ya msingi asimame mbele ya watoto na kitabu kimoja mkononi, akikiamini chote, wakati jirani yake mchungaji, aliyesoma darasa moja naye, amefunzwa kutokiamini kitabu hata kimoja mpaka amekilinganisha na vingine.

Vijana wengi wa Upare walioitwa katika uchungaji wa Kilutheri wamesomea Makumira, karibu na Usa River. Chuo hicho kilianzia Lwandai, Usambara, mwaka 1947, kikahamia Makumira mwaka 1954, na siku hizi ni Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira. Tangu mwaka 1968 jarida la theolojia ya Afrika limetoka hapo. Hatuandiki haya ili kuusifu ulutheri wala dini yoyote. Wasomaji wetu wana dini zao, na chuo cha ualimu si mahali pa kuhubiri. Tunachokitazama ni namna ya kufanya kazi.

Mwanafunzi wa theolojia hupewa aya moja ya Waraka kwa Warumi aifafanue. Hafungui kitabu kimoja akanakili. Huanza na itifaki ya Biblia, aone neno lile limetumika wapi kwingine; kisha kamusi ya Biblia; kisha vitabu vya ufafanuzi viwili au vitatu ambavyo, mara nyingi, waandishi wake hawakubaliani. Vitabu hivyo havitoki nje ya maktaba, maana vinasubiriwa na wenzake; kwa hiyo hukaa papo hapo, akaandika katika daftari lake ni nani asemaye nini, mwaka gani, ukurasa gani. Mwalimu wake hamwulizi, “Kitabu kinasemaje?” Humwuliza, “Nani asema hivyo, na kwa ushahidi gani?” Mkutubi naye si mlinzi wa mlango, ni mkufunzi wa pili. Ndiye amfundishaye kijana kuisoma orodha ya vitabu, na kutambua kuwa kitabu asichokijua jina anaweza kukifikia kwa kupitia mada yake.

Sasa na tumtazame mwalimu mwanafunzi katika mazoezi ya kufundisha. Ana azimio la kazi, ana maandalio ya somo, ana zana mbili tatu zilizochorwa vizuri. Katika nafasi ya rejea huandika jina la kitabu cha kiada, basi. Wakaguzi wa mazoezi, na sisi tumo miongoni mwao, hutia alama ya vema na kupita. Mtaala wa mwaka 2023 umeleta katika shule za msingi somo la Historia ya Tanzania na Maadili. Mwalimu wa Same atalifundishaje kwa rejea moja iliyoandikwa kwa ajili ya nchi nzima?

Historia haiko mbali na mlango wa darasa lake. Mwezi wa Januari mwaka 1945 maelfu ya watu kutoka pande zote za Upare waliteremka mpaka boma la Same kuipinga mbiru, kodi iliyokadiriwa kwa mali ya mtu. Huko Usangi wanawake nao waliinuka. Mambo hayo yameandikwa. Isaria Kimambo, mwanahistoria na mwenyeji wa milima hii, alichapisha kijitabu juu ya mbiru mwaka 1971. Kabla ya hapo, mwaka 1969, alikuwa ametoa historia ya siasa ya Wapare tangu takribani mwaka 1500 hadi 1900, ambayo aliijenga juu ya masimulizi ya wazee wenyewe: Wasuya na Washana wa Ugweno, wahunzi na watawala, na jinsi madaraka yalivyopita kutoka ukoo mmoja hadi mwingine. Wazee walisema kwa lugha yao, naye akaandika kwa Kiingereza, kama ilivyokuwa desturi ya vyuo vikuu. Hivi sasa wazee wale wamekwisha fariki, na mjukuu wao aliye darasa la tano hawezi kuyasoma maneno ya babu yake.

Hapo ndipo panapotuuma. Tena si Kimambo peke yake. J. J. Dannholz, mmisionari wa Leipzig aliyekaa Mbaga, aliandika juu ya imani za Wapare kitabu kilichochapwa mwaka 1916, kwa Kijerumani. Ernst Kotz, mmisionari wa Kisabato, alichapisha sarufi ya Chasu mwaka 1909, nayo kwa Kijerumani. Yatupasa kuwasoma watu hao kwa tahadhari: walikuja kugeuza imani za watu, na mwenye kusudi hilo huona baadhi ya mambo na mengine hayaoni. Lakini mwanafunzi wa theolojia amekwisha zoezwa tahadhari ya namna hiyo. Wetu bado.

Na tuongeze jambo dogo la ufundi ambalo walimu wengi hawajapata kuelezwa. Maktaba nyingi hupanga vitabu kwa mpango wa Mmarekani Melvil Dewey, uliochapwa mara ya kwanza mwaka 1876. Dini imepewa namba 200. Humo, Biblia na Ukristo vimechukua namba 220 mpaka 280 na kitu. Dini nyingine zote za dunia zimesongamana katika 290, na dini za jadi za Afrika zimebanwa katika 299.6, nyuma ya nukta. Historia ya Tanzania iko 967.8, hadithi za mapokeo 398.2, lugha za Kibantu 496.39. Kwa hiyo, hata maktaba yenye vitabu vyote tulivyovitaja, Upare umekatwakatwa: Kimambo rafu moja, Dannholz ya pili, Kotz ya tatu, hadithi za bibi ya nne. Asiyejua kutumia orodha atatoka akidai kwamba juu ya milima hii hakijaandikwa kitu. Ndiyo sababu wakutubi hodari hutenga rafu ya mkusanyo wa mahali, wakavileta pamoja vyote vinavyohusu eneo lao. Chuo cha ualimu kilicho Same kisipokuwa na rafu hiyo, nani atakuwa nayo?

Serikali haikulala. Sheria ya huduma za maktaba ilitungwa mwaka 1963. Maktaba Kuu ya Taifa ilifunguliwa Dar es Salaam mwaka 1967, mwaka ule ule wa Elimu ya Kujitegemea. Moshi ipo maktaba ya mkoa. Lakini kwa mwalimu wa Vunta au Chome, Moshi ni safari ya siku nzima na nauli yake. Maktaba yake halisi ni kabati lililo katika ofisi ya mwalimu mkuu, na mara nyingi kabati hilo limefungwa kwa kufuli. Twaelewa sababu. Kitabu kikipotea, mwalimu mkuu huulizwa; kitabu kisiposomwa miaka kumi, haulizwi mtu. Basi huchagua kufuli. Mchwa hawana habari ya kufuli.

Wengine watasema kuwa simu imemaliza tatizo hili. Simu ni msaada mkubwa mahali penye mtandao, nasi twawahimiza wanachuo waitumie. Hata hivyo, simu hujibu kwa yale yaliyokwisha ingizwa humo, na yale yasiyoandikwa haiyajui. Zaidi ya hayo, asiyezoea kuuliza “nani asema hivyo?” mbele ya kitabu hataliuliza mbele ya kioo cha simu.

Twapendekeza basi kuwa kila mwanachuo, kabla ya kwenda mazoezini, aandae somo moja kwa rejea tatu zisizokubaliana katika jambo fulani, na ayaandike mahitilafiano hayo katika maandalio yake. Alama zitolewe kwa hilo, maana mwanachuo hufuata alama kama maji yafuatavyo mfereji. Pili, tuige desturi ya tasnifu. Vyuo vya theolojia humtaka mwanafunzi wa shahada aandike utafiti, na wengi huchagua mila za kwao. Nakala hubaki maktabani, ikapewa namba, na atakayekuja mwakani akaanzia pale mwenzake alipoishia. Wanachuo wetu nao huandika kazi za mradi. Zikisahihishwa, huwekwa pembeni, kisha huwashia moto jikoni. Kumbe katika kazi hizo mmoja ameeleza jinsi maji ya ndiva yanavyogawiwa kwa zamu huko kwao, nani hufungua, nani hutozwa faini. Mwingine ameandika majina ya mimea ya dawa kwa Chasu. Mwingine kilimo cha tangawizi cha Mamba. Mtoto wa darasa la nne angeweza kuyasoma hayo kesho, kwa Kiswahili chepesi, bila kusubiri mchapishaji wa Dar es Salaam.

Gharama yake ni daftari gumu, sanduku la kadi, na mwanachuo wa zamu. Kila daftari liandikwe kijiji, tarehe, jina la aliyesimulia kama ameridhia litajwe, na jina la aliyeandika. Liandikwe pia lugha iliyosimuliwa, na maneno magumu ya Chasu yaachwe kama yalivyotamkwa, maana yake ikiwekwa kando.

Kuhusu mambo ya mshitu, msitu wa jando, tungependa wanachuo wawe waangalifu zaidi kuliko walivyokuwa wageni wa zamani. Mzee akisema jambo hili ni la kusikia, si la kuandika, kalamu iwekwe chini, na katika daftari paandikwe kwamba mzee ameombwa na amekataa.