FARAIDHI TUNAIJUA, NJIA YA MAHAKAMANI JE?



Shukrani zote ni za Allah (S.W.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.). Ndugu wazazi na wanafunzi, katika toleo la mwaka huu tumeona tuzungumzie jambo lisilotajwa sana katika madrasa zetu za Kyela, nalo ni kuwasomesha vijana wetu sheria ili tupate wasaidizi wa kisheria kutoka miongoni mwetu.

Mwanafunzi wa darasa la juu hapa madrasa anajua kugawa mirathi. Anazijua aya ya 11, ya 12 na ya 176 za Suratun-Nisaa. Anajua kuwa marehemu akiacha watoto, mjane hupata thumuni, na kwamba madeni hulipwa na wasia usiozidi thuluthi hutekelezwa kabla warithi hawajagawana. Hii ni neema kubwa. Lakini tujiulize: mjane anaifikiaje hiyo thumuni yake? Huku Tanzania Bara sheikh hunasihi na kusuluhisha, bali msimamizi wa mirathi huteuliwa na mahakama. Mirathi ya Muislamu huweza kufunguliwa Mahakama ya Mwanzo, na msimamizi akishateuliwa hapo hutakiwa apeleke orodha ya mali na madeni yote ya marehemu ndani ya miezi 4. Familia isiyojua hayo hukaa tu, na shamba hubaki mikononi mwa aliyewahi au mwenye sauti kubwa.

Wako watakaosema, basi kijana afundishwe mambo ya mirathi peke yake, yatosha. Sisi hatuoni hivyo, kwa kuwa shida za nyumba moja haziji kwa fungu moja. Tuchukue mfano. Mzee amefariki Ipinda, ameacha mke, watoto, shamba la mpunga, miti ya kakao na mtumbwi ufukweni Matema. Shamba lile ni ardhi ya kijiji, kwa hiyo linaingia katika Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Kakao ilikwisha pelekwa chama cha msingi cha ushirika na fedha za mnada bado hazijalipwa. Hapo pana sheria ya ushirika. Mtoto wa kwanza alikuwa ameajiriwa ghalani Kasumulu, na mwezi uleule akaachishwa kazi bila kuelezwa kosa lake. Malalamiko ya namna hiyo hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA) ndani ya siku 30, na anayechelewa hana budi kuomba ruhusa na kueleza sababu. Eda ya mama ni miezi 4 na siku 10. Kabla mama hajatoka eda, siku za kijana zimekwisha zamani.

Mara jirani naye anasogeza mpaka. Familia inakimbilia Baraza la Kata ikitarajia hukumu, haijui kwamba tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2021 Baraza la Kata husuluhisha tu migogoro ya ardhi, halihukumu. Anayejua mirathi pekee ataisaidia nyumba hii robo ya njia, kisha ataiacha njiani.

Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imemtambua msaidizi wa kisheria. Kazi yake ni kuelimisha watu, kuwaelekeza kwenye chombo kinachohusika, kuwasaidia kupata nyaraka na kuwasaidia wapatane. Yeye si wakili, hasimami mahakamani kumsemea mtu, na msaada wake hautozwi fedha. Wengi wameanza kazi hii kwa mafunzo mafupi, nao wamewafaa watu sana, Allah awalipe kheri. Lakini tunatamani vijana wetu waende mbele zaidi, wakae chuoni wasome sheria kwa mapana yake: ardhi, ndoa, mirathi, kazi, mikataba, jinai na ushahidi.

Chuo cha Uongozi wa Mahakama Lushoto, kule Tanga, hutoa astashahada na stashahada ya sheria. Kijana wa kidato cha nne anaweza kuanzia astashahada. Hapa tunaomba wanafunzi wasikilize vizuri: sharti linalotumika kwa kawaida ni ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini. Alama nzuri ya Elimu ya Dini ya Kiislamu haihesabiwi katika yale manne. Kwa hiyo anayeacha Kiswahili, Kiingereza, Historia na Uraia kwa kuona kwamba anatosheka na dini, anajifungia mlango mwenyewe.

Kuna wanaoona kwamba sheria za serikali hazihusiani na elimu ya madrasa. Ndugu zetu, aya ndefu kuliko zote katika Qur'an ni ya 282 ya Suratul-Baqara, nayo inahusu kuandika madeni: kuwepo mwandishi muadilifu, kuwepo mashahidi, na mwandishi asikatae kuandika. Haki isiyoandikwa hupotea kirahisi, na msaidizi wa kisheria ndiye mwandishi huyo katika kijiji chetu.

Tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, kila msikiti uchangie ada ya kijana mmoja, na wasichana wasisahauliwe, maana mjane humweleza mwanamke mwenzake yale asiyoweza kuwaeleza wazee wa ukoo. Pili, somo la faraidhi liongezwe kipindi cha utaratibu: namna ya kupata cheti cha kifo, kuandika kikao cha ukoo na kufungua shauri la mirathi. Tatu, kijana akirudi na cheti chake apewe nafasi baada ya sala ya Ijumaa mara moja kwa mwezi, watu wamuulize.

Watoto wetu wanajua kugawa mirathi ubaoni bila kukosea hata sehemu moja. Sasa tuwape elimu ya kuitoa hesabu ile ubaoni na kuifikisha mkononi mwa yatima.

Wabillahi tawfiq.