Lenzi ya Jicho: Bei si Kipimo cha Upendo

Baadhi ya hospitali binafsi mijini sasa humpa mgonjwa wa mtoto wa jicho nafasi ya kuchagua aina ya lenzi itakayopandikizwa jichoni mwake. Ni hatua njema ya sayansi, lakini imeleta mashaka mapya nyumbani. Katika utume wetu kwa wagonjwa tumewasikia watoto wakijiuliza: tusipomlipia mama lenzi ya bei ya juu, je, tumevunja amri ya kuwaheshimu wazazi?

Tangu Daktari Harold Ridley alipopandikiza lenzi ya kwanza jijini London mwaka 1949, msingi wa tiba ni uleule: lenzi ya asili iliyoingia ukungu huondolewa, na ya bandia huwekwa mahali pake. Lenzi ya kawaida huonesha vizuri kwa umbali mmoja, mara nyingi mbali. Wakati wa kusoma, miwani itahitajika. Lenzi za malitifokali huugawa mwanga, mtu akaona mbali na karibu, na wengi hawahitaji tena miwani kila mara. Hata hivyo, baadhi yao huona miduara ya mwanga kuzunguka taa usiku, na katika mwanga hafifu vitu havipambanuki vema. Kwa sababu hiyo dereva wa usiku hana budi kutafakari kwa makini, na mwenye presha ya macho au retina iliyoathiriwa na kisukari kwa kawaida hushauriwa asiichague.

Basi, lenzi ghali si lazima iwe bora kwa kila jicho. Katika Injili ya Marko, sura ya 10, Kristo Yesu anamwuliza kwanza Bartimayo anataka afanyiwe nini, ndipo anamponya. Swali hilo linapaswa kutangulia bei. Je, mama anatamani kusoma Masomo ya Misa bila miwani, au kulitambua shamba lake na nyuso za wajukuu? Aulizwe yeye mwenyewe, naye daktari aeleze wazi hali ya retina, gharama yote, na ugumu wa kuibadilisha lenzi ikishapandikizwa.

Kuna pia suala la haki. Mtoto wa jicho ungali sababu kuu ya upofu duniani, ilhali upasuaji wenye lenzi ya kawaida huwarudishia wengi nuru. Ndugu zetu wengi wamebaki gizani kwa kukosa nauli, taarifa au daktari wa karibu. Familia isikope wala kuuza shamba kwa sababu ya aibu. Na aliyejaliwa uwezo akumbuke jirani asiye na hata lenzi ya kawaida.

Tunazialika Jumuiya Ndogondogo za Kikristo ziwatafute wazee wa namna hiyo na kuwasindikiza hospitali. Mtakatifu Lusia, msimamizi wa wenye maradhi ya macho, atuombee.